Chupa Tatu

Nimeingia Luthuli na chupa tatu kwenye mfuko wa kaki,
zamani zilikuwa za soda, sasa zina plasta na herufi:
B ya bomba, K ya kisima, C ya chujio.
Bawabu wa duka amezinusa moja moja,
akanitazama kama mtu anayempelekea mgonjwa vipimo maabara.
Hakukosea sana.

Juzi amekufa wa tisa.
Neoni, urefu wa pingili moja ya kidole,
mstari wake wa buluu ukififia
kama nyumba iliyoishiwa tokeni.
Nilimfukia kwenye debe la sukuma pale roshani,
na Nanjala akauliza, "Baba, si maji yalikuwa safi?"

Safi kwa jicho.
Jicho ni shahidi wa kuhongwa.

Wamuyu wa kaunta amenipangia vipimo juu ya kioo.
Cha njano, mfano wa kalamu, mia saba tu.
Kirefu chenye kifuniko, kinachosoma na joto,
na chupa ndogo ya maji ya kukikumbusha ukweli
kila kinapoanza kusahau: elfu mbili na mia nane.
Cha tatu hakishikwi mkononi.
Kina macho mawili ya kufungwa kwenye mpira,
moja kabla ya chujio, moja baada,
nacho hukaa ukutani kama saa. Elfu sita.
"Hiyo ni bei ya kuongea," akasema.

Nikamwambia, ngoja kwanza tuonje.

Tukamimina B kwenye kikombe chake cha chai.
Cha njano: themanini na tisa.
Kirefu: sabini na nne.
Cha ukutani: sabini na sita.
Waombolezaji watatu, matanga mamoja,
na kila mmoja ana hesabu yake ya michango.
Cha njano nikakirudisha kwenye boksi.

C: sita.
"Sita! Hongera!" Wamuyu akapiga makofi.
Mimi nikakaa kimya.
Maji yasiyo na kitu ni mwizi mpole,
humwibia samaki chumvi ya mwili wake
naye akielea humo anang'aa.
Wiki tatu nilisugua, nikachuja, nikachuja tena,
nikawaua kwa usafi.

Ilibaki K.
Kirefu kikasitasita, kikapanda, kikatulia:
mia tisa na kumi na mbili.
Wamuyu akakifuta kwa kitambaa, akarudia.
Mia tisa na kumi na mbili.
"Haya ni ya samaki gani?"
Nikasema, "Haya ni ya watu."

Haya ni ya ploti yetu pale Tena,
Jumanne hadi Ijumaa, mgao wa jiji ukikata,
Mulwa akifungulia tangi na kupiga mluzi ngazini.
Haya ndiyo uji, ndiyo chai,
ndiyo meno ya Nanjala yenye madoa ya kahawia
ambayo nimeyagombeza kwa mswaki miaka minne.

Lakini kifaa hakisemi ni nini.
Kinahesabu wageni walioingia ndani,
majina hakiulizi;
mwenye heri na mwenye shari, wote ni namba.
Kijidudu kikipita, hakimwoni kabisa.
Wamuyu mwenyewe alinieleza, na bado akaniuzia,
nami nikampenda kwa hilo.

Nimechukua kirefu. Elfu mbili na mia tano,
tukavutana hadi bawabu akacheka.

Usiku nimechanganya C na B, kikombe kwa kikombe,
mpaka arobaini, namba waliyoandikiwa neoni.
Watano waliobaki wamesogea kwenye kioo,
sijui kwa shukrani au kwa njaa.
Nanjala amekinyakua kifaa,
akakichovya kwenye bilauri yake ya maji ya kulalia,
akasoma kwa sauti, tarakimu moja moja,
kama anayesoma namba ya simu.

"Na sisi, Baba, tunatakiwa tuwe ngapi?"

Nimeikunjua karatasi ya maelezo chini ya taa,
mbele na nyuma.
Jedwali lipo.
Ni la samaki tu.